Pumzi ya Emilia, Jina la Yasinta

Pale Majengo, Dodoma mjini, Bi Stara hataniwi. Si kwamba anakasirika, maana angekasirika watoto wa mtaa wangefurahi zaidi. Ukimwambia kwamba mbuzi wa jirani kaingia jikoni kwake anakula unga, ataacha kusukuma chapati, atakutazama usoni na kuuliza polepole, "Unatania au unasema kweli?" Ukicheka, atauliza tena kwa sauti ileile. Hatakuachia mpaka umjibu kwa maneno kamili, ndipo arudi kwenye chapati zake. Wageni wanamwona ana kasoro kidogo kichwani. Wenyeji wanastaajabu kwa sababu nyingine: huyu ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi katika nchi ya Wagogo kaumbwa atanie na ataniwe.

Wala hakuzaliwa hivyo. Stara binti Mrisho alikuwa na mdomo, tena mdomo wa kufungulia mlango. Babu wa baba yake alifika Mpwapwa na misafara, kabeba pembe za watu begani, akachoka kubeba, akaoa, akabaki. Wajukuu wakahamia Dodoma na reli, wakauza chumvi, mafuta ya taa na kanga. Wagogo hawakuwasahau wapagazi wale waliopita wakinywa maji ya visima vyao, na ndiyo maana mpaka leo Mgogo akikutana na Mnyamwezi humdai hongo, ule ushuru wa kupita ambao babu yake hakulipa. Anamdai akicheka, na anayedaiwa anacheka. Huo ndio utani, na sheria yake haina kurasa nyingi. Mtani anaweza kuchukua kuku wako, anaweza kumtukana mama yako sokoni, anaweza hata kukaa ndani ya kaburi la baba yako akakataa kutoka mpaka apewe kitu, na wewe hukasiriki. Hukasiriki, wala huyashiki maneno yake ukayafanya ushahidi.

Stara alikuwa mhudumu wa zahanati miaka kumi na mitano. Alifagia, alichemsha sindano enzi zile za kuchemsha, alipima watoto uzito, alizalisha wanawake watatu wakati muuguzi hayupo, na hakuna aliyemwandikia barua ya shukrani. Mwaka 1994 majina yakabandikwa ukutani. Serikali ilikuwa inapunguza watu, na jina la Stara lilikuwa la saba kutoka juu. Mumewe, Masudi, alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake, lakini miaka hiyohiyo marobota ya mitumba yakafunguliwa sokoni, suruali nzima ikawa rahisi kuliko kushonewa kiraka. Cherehani ikageuka meza ya kuwekea thermosi. Kwa hiyo Stara akakaanga maandazi miaka sita, akiwatania wateja ili wasahau kwamba yamekuwa madogo.

Mwaka 2000 ukaja mradi. Ulikuwa mradi wa watoto wenye pumu, na daktari wake aliitwa Ludovick, Mhaya mpole aliyesoma nje na kurudi na mashine. Alimchukua Stara kwa sababu mbili: alijua vijiji, na watoto walimpenda. Siku ya kwanza alimweleza kazi, na Stara aliielewa haraka kuliko vijana wawili wenye vyeti waliokaa naye kwenye benchi, mmoja wao akiandika kila neno.

Kifua cha mtoto mwenye mzio, daktari alisema, kinawaka ndani bila moto. Vumbi, manyoya ya paka, chavua, vyote vinamchokoza, na njia za hewa zikishachokozwa zinatengeneza gesi fulani kwa wingi, nitriki oksidi. Gesi hiyo inatoka na pumzi. Kila mtu anaitoa, ila kidogo mno. Mtoto mzima unaweza kumkuta na kumi, kumi na tano. Mwenye pumu ya mzio ana hamsini, sabini, wakati mwingine mia. Ukijua namba hiyo unajua ni mtoto yupi atasaidiwa na dawa ya kuvuta, ile ya kutuliza mwako wenyewe, si vidonge vya kutuliza mluzi kwa siku moja. Na dawa ya kuvuta ilikuwa chache. Ilikuja ya watoto arobaini tu.

Mashine ilikuwa kubwa, haipandi gari, haivumilii joto, imekaa mjini kwenye chumba cha kukodi karibu na stesheni. Basi pumzi ndiyo iliyosafiri. Mtoto alivuta hewa mpaka mabega yapande, kisha akapuliza kwenye mrija, taratibu, kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, sindano ya kipimo ikisimama kwenye alama. Pumzi iliingia kwenye mfuko unaong'aa kama karatasi ya ndani ya paketi ya sigara. Stara aliubana, akaandika namba na jina, akaupanga kwenye boksi, na kabla ya saa sita mchana Bartolomayo dereva aliondoa gari. Chumbani kule mfuko ulifungwa kwenye mashine, ukafyonzwa ukisinyaa, na namba ikatoka.

Yalikuwepo masharti. Mtoto asije amekula majani, kwa kuwa mboga za majani zinapandisha namba. Stara alimwuliza daktari kama anajua yuko mkoa gani, ambako mlenda ndio chakula na ugali ni kisingizio. Daktari akacheka, akasema basi waje asubuhi hawajala kitu. Sharti la pili lilikuwa kinyume chake: mtoto anayelelewa kwenye moshi wa kuni namba yake hushuka, hata kama anaumwa. Hilo Stara alilisikia, akaliweka akilini bila kujua litakuja kumfanyia kazi mbaya.

Kijiji chenyewe kilikuwa upande wa Makutupora, kwenye mashamba ya zabibu. Mwezi wa nane watu walikuwa wengi, vibarua wa kuvuna kutoka kila upande, na katika baadhi ya mashamba bado walikuwa wanapiga salfa, unga wa njano unaopeperuka na kuwasha macho. Wiki tatu kabla ya siku ya mifuko, timu ilikuwa imepita shuleni kusikiliza vifua. Hapo ndipo Stara alipomwona Yasinta.

Alikuwa na miaka tisa na umbo la miaka saba. Alikaa kwenye dawati ameinua mabega, mikono ameikita kwenye magoti, na kila alipovuta hewa, vishimo viwili juu ya mitulinga vilibonyea na mishipa ya shingo ikasimama. Daktari aliweka kipimo mgongoni kwake akasikiliza muda mrefu. Kisha akampa Stara naye asikilize. Ndani ya mgongo ule mwembamba kulikuwa na mluzi, tena si mmoja, kama watu wengi wanaitana kwa mbali. Stara alimwuliza anapenda somo gani. Yasinta alisema hesabu, akapumzika, akasema na kuimba, ila kuimba hawezi kumaliza. Alipewa namba arobaini na saba.

Alilelewa na bibi yake, Loisi, pamoja na mdogo wake Emilia, aliyemfuata kwa mwaka mmoja na ambaye kwa sababu ya ugonjwa wa dada yake walikuwa kimo kimoja. Mama yao alikuwa amefuata kazi Morogoro. Loisi alikuwa Mgogo wa watu, mwimbaji wa kwaya ya kanisani, mwenye masikio yaliyotobolewa kizamani na ulimi uliotobolewa vizuri zaidi. Siku ileile ya kusikilizwa vifua alimwuliza Stara kabila, na alipojibiwa alipiga makofi.

"Mnyamwezi! Hongo ya babu yako iko wapi?"

"Mama, babu alikuja na hongo, akakuta Mgogo amelala, hakutaka kumwamsha."

Wanawake waliangua kicheko, na tangu saa hiyo Loisi na Stara wakawa watani. Kila gari la mradi lilipofika, bibi alikuwa na neno. "Zamani mlibeba pembe za ndovu," alisema, "leo mnabeba pumzi za watoto wetu. Mnazipeleka pwani?" Stara alijibu kwamba zinauzwa kwa debe. Wote walicheka, ila Stara aliona, na baadaye alijilaumu kwamba aliona, kwamba macho ya bibi hayakucheka.

Maana maneno yalikuwa yamezagaa. Wazee walikumbuka hadithi za mumiani, wanyonya damu wa zamani, na hawa sasa hawakutaka hata damu, walitaka kitu ambacho Mungu mwenyewe alikipuliza puani mwa mtu. Na wanakiweka kwenye mfuko. Na wanaandika jina. Wenye watoto wazima walisema potelea mbali, mtoto mzima pumzi anayo tele. Loisi yeye alikuwa na mjukuu ambaye kila pumzi aliitafuta kama mtu anayekwangua chungu.

Siku ya mifuko Stara aliweka meza chini ya baraza la shule. Juma lililopita timu ilikuwa imerudi mjini na mifuko kumi na minne badala ya thelathini, watoto wengine wamelia, wengine wamekula, na mfadhili wa mradi kule nje aliandika barua ya ukali. Daktari hakugomba, aliisoma tu kwa sauti. Stara alifika kijijini na azma ya kujaza boksi.

Saa nne Loisi alikuja ameshika mkono wa mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mtani. Leo nimekuletea pumzi nzima nzima. Ile mbovu nimeiacha nyumbani."

Watu kwenye foleni walicheka. Stara naye alicheka, akatafuta kwenye daftari namba arobaini na saba, akampa mtoto mrija. Mtoto akavuta hewa, akapuliza. Alipuliza vizuri ajabu. Sindano ilipanda kwenye alama ikatulia hapo, mfuko ukavimba kwa mara moja tu, ukakaza. Hakuna mtoto aliyepuliza vile siku ile, hata wa darasa la saba.

Stara aliutazama mfuko, kisha akaitazama shingo. Ilikuwa laini. Mabega yalikuwa yameshuka mahali pake, na juu ya mitulinga hapakuwa na kishimo chochote.

"Wewe ndiye Yasinta?" aliuliza.

Mtoto alimtazama bibi yake.

"Nimekwambia, mtani," Loisi alisema, bado akitabasamu, "mgonjwa akiwa na kibaba kimoja cha unga, utaenda kumwomba akupimie?"

Foleni ikacheka tena. Bartolomayo alikuwa anapiga honi. Stara alijua. Baadaye alijaribu sana kujishawishi kwamba hakujua, lakini mkono unaoandika unajua unachoandika. Alikuwa na mifuko ishirini na sita, na huu ungekuwa wa ishirini na saba. Alikuwa na mwanamke wa umri wa mama yake mbele ya kijiji kizima, anayesema kweli kwa mavazi ya mzaha, na kumshika mtani kwa maneno yake mbele za watu ni kumvua nguo. Aliandika arobaini na saba, Yasinta. Mfuko ukaingia kwenye boksi.

Kosa lingeweza kuishia pale, na lingekuwa kosa la mtu yeyote mwenye haraka na haya. Lakini Mungu alimpa Stara mlango wa pili. Jioni ileile daktari alitoka kwenye chumba cha mashine na karatasi, amekunja uso.

"Huyu arobaini na saba," alisema, "si ndiye yule mwenye mluzi? Ana kumi na moja."

Stara aliinama kupanga mifuko mitupu kwenye boksi.

"Kifua kile na kumi na moja. Haiji." Daktari aliketi ukingoni mwa meza. "Wewe Mama Stara unamjua. Kwao wanapikia wapi?"

"Ndani," Stara alisema. "Bibi anapikia ndani. Kuni."

Na ilikuwa kweli. Hakuna uongo hata chembe katika jibu lile, na ndiyo maana lilimla nyama kuliko uongo. Daktari alitikisa kichwa polepole, akasema basi ni moshi, au pengine pumu yake si ya mzio. Dawa ya kuvuta haingemfaa kama ingewafaa wengine, wacha waipate wenye sitini na sabini. Huyu apewe vidonge, bibi aambiwe apikie nje, wamwone tena baada ya miezi mitatu. Aliandika hivyo. Stara alisimama akimwangalia anaandika, neno likiwa juu ya ulimi. Alifikiri: nikisema, ataniuliza kwa nini niliandika. Alifikiri juu ya jina la saba kutoka juu, ukutani, na juu ya Masudi ameketi mbele ya thermosi. Akasema, "Nikufungie dirisha, daktari?"

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Walikuwa wanawasema wagonjwa. Stara alificha maradhi ya mtoto wa mwenzake, na kilio kilikuja katikati ya mwezi wa kumi.

Bartolomayo ndiye aliyeleta habari. Alikuwa amepita Makutupora kununua zabibu za nyumbani kwake. Siku mbili mfululizo upepo ulikuwa umevuma, vumbi jekundu limechanganyika na salfa, na Yasinta alianza kubanwa akiwa shuleni. Vidonge alipewa, alivimeza, havikufua dafu. Mjomba mmoja alimpakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, bibi anakimbia nyuma ameshika mgongo wa mtoto asianguke. Bartolomayo alisema mtoto alikuwa anasukuma hewa itoke, si kuvuta iingie. Alikuwa amejaa hewa ambayo haikukubali kutoka. Kwenye mteremko wa korongo Loisi alihisi mgongo ule umelegea chini ya kiganja chake, akamwambia mjomba asimamishe baiskeli.

Stara alisikiliza mpaka mwisho, akaenda chumba cha mashine, akafungua daftari kutazama mwandiko wake. Arobaini na saba, Yasinta, kumi na moja. Zile moja mbili zilisimama pale zimenyooka, safi. Tangu siku hiyo zilianza kumfuata. Alizikuta kwenye mlango wa duka, kwenye tiketi, kwenye kalenda mara moja kila mwezi. Na sauti ya mfuko ukifyonzwa, ile hewa inayokwisha polepole, ilimfuata pia. Chai ikichemka aliiondoa jikoni kabla birika halijalia. Aliogopa kukaa chumbani kule peke yake, akaomba mlango uachwe wazi, akasingizia joto.

Alikwenda mazishini. Alipofika, wazee walimwona kwa mbali wakasema afadhali, mtani kafika. Maana kwa desturi hiyo ndiyo kazi yake: msiba wa mtani ni wake kuuchangamsha. Anyang'anye jembe, adai hongo kwa wachimba kaburi, aseme marehemu kakimbia deni, mpaka mama aliyelia siku mbili acheke bila kupenda, na katika kucheka apate pumzi ya kuendelea kulia. Walimpa nafasi. Loisi alikuwa ameketi mkekani, kanga kichwani, akainua uso kumtazama. Alikuwa anangoja. Stara alifungua kinywa. Maneno yote aliyowahi kutania maishani yalikuwa yamekauka, lililobaki ni moja tu, na hilo halikuwa utani. Akafunga kinywa, akaketi na wanawake, akamenya vitunguu. Mzee mmoja alinong'ona kwamba Wanyamwezi wa siku hizi wamekuwa Wazungu.

Daktari Ludovick aliumia pia, kwa namna yake. Alirudia karatasi zile mara nyingi. Mwishowe alisema mbele ya wote kwamba huenda namba hizi hazifai kwa watoto wa huku kwenye moshi, kwamba mtoto aliyepimwa kumi na moja amekufa kwa pumu na mashine ikasema hana neno. Alisema huenda asiziamini tena, ateue watoto kwa kubahatisha. Stara alisikia hilo akiwa anafuta meza. Mashine ilikuwa imesema kweli tupu. Ilimpima Emilia, ikasema Emilia ni mzima. Sasa uongo wake, ulioanza kwa mfuko mmoja, ulikuwa unaelekea kwa watoto wengine, nao wana majina. Alijichukia, na bado hakusema.

Siku ya arobaini ilipita. Wiki iliyofuata, asubuhi ya Jumamosi, Stara alikuwa uani anaanika nguo, akasikia hodi. Alikuwa Loisi, miguu imejaa vumbi la njiani, na nyuma yake Emilia.

"Mbukwenyi," bibi alisalimia kwa Kigogo.

"Shikamoo mama. Karibuni. Karibuni ndani."

Hawakutaka ndani. Waliketi kwenye benchi la uani, Stara akaleta chai. Emilia alikuwa amepungua. Alikaa kimya ameshika kikombe kwa mikono miwili, na Stara alipomtazama shingo, kwa mazoea, ilikuwa bado laini, bila kishimo. Hata hivyo mtoto alikuwa anapumua kwa kujiangalia, kidogo kidogo, kama anayeogopa kumaliza.

"Hacheki, hakimbii," Loisi alisema. "Usiku ananiuliza kama pumzi yake bado ipo mjini. Nimekuja unirudishie."

"Nikurudishie nini, mama?"

"Ile ya Emilia. Ile siku nilikupa pumzi ya huyu, ukaiandika jina la Yasinta. Sasa Yasinta hayupo, na jina lake bado limekaa juu ya pumzi ya aliye hai. Si vizuri. Jina litamwita huyu. Mimi nilidhani namsitiri mgonjwa, nikaja kumfunga mzima. Nirudishie, nikaimwage kwetu."

Alisema bila utani wowote, na bila hasira. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka barabara kuu kuomba kitu kimoja.

Stara angeweza kumpa mfuko. Ilikuwepo mitupu tele kwenye boksi kule kazini, angejaza mmoja kwa mdomo wake mwenyewe, bibi angeumwaga shambani kwake kwa maombi, Emilia angecheka, na mambo yangekwisha. Wapo watakaosema hiyo ndiyo ingekuwa huruma. Aliiwaza huruma hiyo, akaona sura yake, akaona ni ileile ya kwanza.

"Haipo, mama," alisema. "Ilikwisha jioni ileile. Hatuiweki. Mashine inaihesabu, inapotea hewani kama tunavyopumua hapa. Emilia, hakuna pumzi yako popote, umesikia? Zote unazo. Ilisema wewe ni mzima. Ulipata kumi na moja, na kumi na moja ni nzuri."

Mtoto aliinua macho kutoka kwenye kikombe.

"Inahesabu ili iweje?" Loisi aliuliza.

Swali hilo ndilo Stara alilokuwa analikimbia tangu mwezi wa nane, na sasa lilikuwa limeketi kwenye benchi lake. Akaeleza. Alieleza mwako, gesi, namba kubwa na namba ndogo. Alieleza kwamba mtoto mwenye namba kubwa alipewa dawa ya kuvuta, kwamba dawa ilikuwepo siku ile ndani ya gari, kwamba watoto walioipata wengi wao sasa wanacheza mpira. Hakuficha hata moja. Alimwona mwanamke yule akiielewa habari kipande kwa kipande, uso ukizeeka mbele yake.

Loisi hakulia. Alizitazama nguo kwenye kamba. Hatimaye akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemtafutia mwenzake mahali pa kupita:

"Nawe hukujua. Ulidhani nakutania."

Mlango ulikuwa wazi. Bibi mwenyewe ndiye aliyeushika. Ilitosha kuitikia, kutikisa kichwa tu, na mzigo wote ungekuwa wa mzee mmoja aliyeogopa, na utani wao ungebaki mzima. Stara aliona jinsi ilivyo rahisi.

"Sikudhani," alisema. "Niliiona shingo yake. Nilijua si Yasinta. Daktari aliniuliza jioni, nikamjibu moshi. Nilijua, mama."

Loisi alimgeukia. Alimtazama kama watu wanavyomtazama mgeni, kuanzia miguuni.

"Mimi niliogopa," alisema. "Niliogopa kwa kuwa sikujua. Wewe ulijua."

Stara alisema kwamba Jumatatu angemwambia daktari, kwamba jina la Yasinta litafutwa pale na la Emilia kuandikwa, na kweli alifanya hivyo, akapoteza kazi, na watoto wengine wakateuliwa kwa namba zao za haki. Lakini siku ile maneno hayo yalitoka yakaanguka uani, hakuna aliyeyaokota. Loisi alikuwa amekwisha simama. Alikifunga kilemba chake, akamwinua Emilia, akamkung'uta vumbi la benchi kwenye gauni. Mlangoni aligeuka. Tangu siku ya kwanza hakuwahi kumwita Stara kwa jina lingine ila mtani, hata mkekani pale msibani, kwa macho.

"Asante kwa chai, mama," alisema kwa adabu kamili, na akamwambia mjukuu wake amuage huyu mama, waondoke.